Mkono Unaovimba Baada ya Titi Kuondolewa

Liko jambo ambalo wagonjwa wengi wa saratani ya matiti hawaambiwi wanapotoka hospitali, au huambiwa harakaharaka wakati akili yao iko kwenye nauli ya kurudi nyumbani. Jambo lenyewe ni kwamba mkono wa upande uliotibiwa waweza kuvimba. Waweza kuvimba baada ya miezi michache, na wako waliovimba baada ya miaka, wakati kidonda kimekwisha kusahaulika na mwenyewe amesharudi shambani. Nalizungumzia wiki hii kwa sababu ya barua niliyoipokea kutoka Hanga, mkoani Ruvuma.

Mama aliyeiandika anaeleza kwamba aliondolewa titi la kulia pamoja na matezi ya kwapani, akachomwa mionzi Dar es Salaam, akarejea kwao. Mwaka wa pili bangili ikaanza kumbana, kisha mkono wa gauni, kisha vidole vikawa vizito kila aamkapo. Wifi zake wanasema amerogwa. Jirani anasema ni matende. Mwenyewe anaogopa kuwa saratani imerudi. Na yuko fundi aliyejitolea kumchanja chale ili maji yatoke, tena siku imekwisha kupangwa. Swali la mama huyu ni moja tu: akubali?

Asikubali kamwe. Jibu hilo nilimpelekea kwa simu siku ileile niliyosoma barua yake. Haya ninayoyasema sasa ni kwa ajili ya wengine.

Mwili una mifereji ya aina mbili. Tunaifahamu ile ya damu. Lakini damu inapopita kwenye mishipa myembamba, maji kidogo hupenya na kubaki katikati ya nyama. Maji hayo, yanayofikia lita kadhaa kwa siku, huzolewa na mishipa mingine myembamba iitwayo ya limfu, yakachujwa kwenye matezi, kisha yakarudishwa kwenye damu karibu na mtulinga. Kwapani peke yake yapo matezi kama 20 hadi 30 hivi. Daktari anapoyaondoa ili kuzuia saratani isisambae, au mionzi inapoyakausha, njia ya maji ya mkono inakuwa imezibwa. Wakazi wa mjini hawahitaji kuelezwa zaidi: mtaro ukiziba kwenye kona, nyumba za juu ndizo zinazofurika.

Si kila mwanamke hupata uvimbe huu. Madaktari waliokusanya tafiti nyingi pamoja na kuchapisha hesabu yao mwaka 2013 walikadiria mwanamke mmoja kati ya watano. Walioondolewa matezi mengi walikuwa na hatari karibu mara nne ya wale waliochukuliwa tezi chache tu za kupima. Unene wa mwili nao huongeza hatari.

Kwa hiyo huu si uchawi. Wala si matende yale tunayoyajua, ingawa jirani wa Hanga hakukosea sana, maana matende nayo ni kuharibika kwa mishipa hiyohiyo, isipokuwa pale mharibifu ni minyoo midogo iletwayo na mbu. Dawa za kumeza ambazo taifa lilianza kuzigawa Mafia mwaka 2000 huua vijinyoo hivyo. Hazifungui mtaro uliokatwa na kisu cha daktari. Na hofu ya saratani kurudi haifai kupuuzwa. Mkono ukivimba ghafla, au kwa maumivu makali, au ukaona kinundu kipya, daktari lazima auangalie, kwani huenda pia damu imeganda ndani ya mshipa. Lakini uvimbe unaokuja polepole, bila homa, mara nyingi ni maji yaliyokosa njia.

Sasa kuhusu chale. Mkono huu umepungukiwa askari wake. Vijidudu vinavyoingia kwenye mkono mwingine na kumalizwa kimyakimya, kwenye huu husambaa kwa saa chache. Kila wembe, kila mwiba, kila kuungua kwa sufuria ni mlango. Na kila ugonjwa wa ngozi unaopita huacha mishipa iliyobaki ikiwa imeharibika zaidi, uvimbe ukaongezeka. Chale haitoi maji ya maana, huingiza uchafu. Kukanda kwa maji ya moto, ambako bibi zetu walituzoesha kwa kila uvimbe, nako hakufai hapa, kwani joto huvuta maji mengine mkononi. Vidonge vya kukojoza maji navyo si tiba ya uvimbe huu.

Naomba nilikazie jambo moja ambalo kwa nchi yetu ni la hatari kuliko mengine. Ngozi ikishambuliwa, mgonjwa hupata homa na kutetemeka. Nyumbani husemwa ni malaria, dawa hununuliwa dukani, na siku mbili hupotea. Mama mwenye mkono huu akipata homa, na aupapase kwanza mkono wenyewe. Ukiwa wa moto kuliko mwenzake, unauma, au umeongezeka unene, basi aende kituo cha afya siku hiyohiyo, apimwe malaria na pia aeleze habari ya mkono, kwa sababu huenda anahitaji antibayotiki bila kuchelewa. Wekundu unaoandikwa vitabuni usiutegemee. Kwenye ngozi yetu nyeusi hauonekani vizuri.

Matunzo ya kila siku ni ya gharama ndogo: kuosha mkono kwa sabuni na maji ya kawaida, kukausha hata katikati ya vidole, kupaka mafuta ngozi isipasuke, kushika sufuria kwa kitambaa kinene, kuvaa glavu au nguo ya mikono mirefu wakati wa kupalilia au kuokota kuni. Sindano na kipimo cha presha ni heri vifanywe mkono mwingine ikiwezekana, ingawa tafiti za miaka ya karibuni zimepunguza hofu hiyo. Katika dharura mtu asikatae matibabu kwa sababu yake.

Je, aache jembe? Zamani wanawake hawa waliambiwa wasibebe chochote. Kwa mkulima hiyo ni hukumu ya njaa. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wanawake 141 wenye uvimbe huu. Kundi moja lilinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima, likianza na vyepesi na kuongeza kidogo kidogo, huku mkono umevikwa soksi ya kubana. Uvimbe haukuongezeka, na mashambulizi yalikuwa machache kuliko ya wasionyanyua. Sababu yake inaeleweka: misuli ikikaza na kulegea husukuma maji. Basi alime, lakini aanze kwa muda mfupi na jembe jepesi, apumzike, aongeze taratibu, na mkono ukizidi kuwa mzito apunguze.

Uvimbe uliokwisha kuwa mkubwa unahitaji bandeji maalumu zisizovutika sana, zinazobana zaidi vidoleni na kulegea kuelekea begani. Hizo zifungwe kwanza na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, naye amfundishe ndugu wa nyumbani. Vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, bandeji ifunguliwe mara moja.

Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, kwa miaka mingi ndiyo pekee iliyokuwa na mionzi nchini, na hata baada ya Bugando ya Mwanza kuanza, watu wa kusini wengi wanaendelea kufikia kwa jamaa zao Dar es Salaam. Ninyi mnaowapokea mna kazi moja ndogo. Kabla shangazi hajafanyiwa upasuaji, chukueni tepu ya fundi cherehani, mpimeni mikono yote miwili, kwenye kifundo, katikati ya kigasha, na juu ya kiwiko, mkiandika kwenye daftari umbali wa kila alama kutoka kwenye kifundo. Daftari aende nalo kijijini, apimwe kila mwezi mahali palepale. Mkono uliotibiwa ukiongezeka sentimita 2 kuliko mwenzake, arudi kwa daktari, maana uvimbe ukiwahiwa ungali laini hupungua kwa urahisi kuliko ukishakuwa mgumu.