Mkono wa Bwana Marchmain: riwaya ya “Brideshead Revisited” na tamthilia yake ya televisheni

Mzee mmoja amerudi kufia katika jumba la ukoo wake. Aliingia Kanisa Katoliki kwa sababu ya ndoa, kisha akamwacha mkewe na kwenda kuishi Venezia na mwanamke mwingine. Kwa miaka 25 hajashiriki Sakramenti. Nje ya chumba chake watu wa nyumbani wanabishana: padre aitwe au asiitwe? Mwana mkubwa anasema aitwe mara moja. Binti anasitasita. Daktari anakiri kwamba mshtuko huenda ukamwua mgonjwa, na Charles Ryder, mgeni asiyesadiki lolote, anasema waziwazi kwamba ni ukatili kumsumbua mtu aliyekwisha kukataa. Waamini wengi watalitambua baraza hilo. Hata kwetu huketi, mara nyingi kwa sauti za chini, katika ukumbi wa hospitali.

Tukio hili ndilo kilele cha riwaya ya “Brideshead Revisited”, iliyotolewa mwaka 1945 na mwandishi Mwingereza Evelyn Waugh. Waugh alipokelewa katika Kanisa Katoliki tarehe 29 Septemba 1930, na majuma machache baadaye alifunga safari kwenda Ethiopia kushuhudia kutawazwa kwa Mfalme Haile Selassie; kutoka huko akapitia Zanzibar, Kenya na Uganda. Mwaka 1981 kampuni ya Granada ya Uingereza iliigeuza riwaya hiyo kuwa tamthilia ya televisheni yenye vipindi 11, na mpaka leo wengi huitaja kama mfano wa tamthilia iliyokitii kitabu chake. Sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, kutii maneno ya kitabu ni jambo moja, na kuyafikia yote yaliyomo ni jambo jingine, hasa pale ambapo habari yenyewe ni neema, kitu ambacho hakuna kamera iliyowahi kukipiga picha.

Waugh hakulibuni tukio la kitandani kutoka hewani. Mnamo Oktoba 1943 rafiki yake Hubert Duggan, Mkatoliki aliyekuwa ameiacha imani, alikuwa mahututi. Waugh alimleta padre licha ya upinzani wa baadhi ya watu wa nyumba hiyo, na aliona kwa macho yake mgonjwa akifanya ishara ya Msalaba. Miezi michache baadaye, kati ya Januari na Juni 1944, akiwa na ruhusa ya kutoka jeshini, aliandika riwaya yote. Katika dibaji ya toleo la mwaka 1960 alieleza kwamba alichokusudia ni kuonesha neema ya Mungu ikitenda kazi ndani ya watu wa tabia mbalimbali waliofungamana kwa karibu.

Kazi hiyo kitabuni imekabidhiwa kwa msimulizi. Charles Ryder anasimulia akiwa ofisa wa jeshi wakati wa vita, mtu wa makamo aliyepoteza karibu kila alichokipenda. Yule anayesimuliwa, kijana wa Oxford, ni asiyeamini. Yule anayesimulia amekwisha kubadilika, ingawa hatangazi. Watengenezaji wa tamthilia waliyaelewa haya. Mwandishi wa mchezo anayetajwa rasmi ni John Mortimer, lakini mtayarishaji Derek Granger na wenzake waliyarudia maneno ya Waugh mwenyewe, wakaiacha sauti ya Charles, iliyosomwa na Jeremy Irons, iongoze picha tangu mwanzo mpaka mwisho. Bila sauti hiyo tungebaki na habari za matajiri wenye huzuni.

Basi turudi kitandani. Mara ya kwanza Padre Mackay alipokuja, Bwana Marchmain alimwondoa kwa adabu ya kikabaila. Mara ya pili mgonjwa hawezi tena kusema. Padre anamwambia kwamba anajua anajutia dhambi zake, anamwomba atoe ishara akiweza. Ishara haiji. Padre anampa maondoleo hata hivyo, kisha anampaka mafuta matakatifu. Ndipo mkono unapoinuka polepole kuelekea paji la uso.

Katika televisheni mzee huyo ni Laurence Olivier, na kwa dakika chache mwigizaji aliyezoea kulijaza jukwaa kwa sauti yake hana ila uso na mkono. Ni uigizaji mkubwa. Mtazamaji anaona watu waliopiga magoti, anaona vidole, naye anashusha pumzi pamoja nao. Lakini kitabuni Charles pia amepiga magoti, nasi tuko ndani ya kichwa chake. Anasali kwa “kama”: kama Mungu yupo, kama dhambi ipo. Kisha “kama” zinaanza kupungua bila yeye kutambua. Anaanza kutamani ishara ije, angalau kwa ajili ya mwanamke ampendaye. Mkono unapofika kwenye paji la uso, anadhani mzee anataka kuyafuta mafuta, naye anamsihi Mungu asimruhusu. Mtu aliyelipinga jambo hili nyumba nzima ikisikia sasa anaogopa lisije likashindikana. Anayetazama tu anaweza kuondoka akifikiri kwamba aliyeongoka chumbani ni mmoja. Msomaji anajua kwamba ni wawili, na kwamba wa pili alishtukizwa zaidi kuliko wa kwanza.

Hapa riwaya inagusa pia katekesi yetu. Kabla ya padre kuingia, Charles anauliza Sakramenti hiyo inafanya nini hasa, na Wakatoliki wa nyumba ile wanatoa majibu yasiyopatana. Ukurasa huo unachekesha, na unauma kidogo. Zamani Sakramenti hiyo iliitwa Mpako wa Mwisho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipendelea jina la Mpako wa Wagonjwa, ili waamini wasiingoje dakika ya mwisho. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unaagiza itolewe kwa mgonjwa ambaye, alipokuwa na fahamu, aliiomba walau kwa namna isiyo ya wazi (kanuni 1006), na isitolewe kwa anayeshupalia dhambi kubwa iliyo wazi (kanuni 1007). Swali la nyumba ile lilikuwa la kweli, basi: je, yule mzee alishupaa, au alichoka tu kujieleza? Padre Mackay hakujipa kazi ya kumhukumu. Alimfungulia mlango akangoja.

Mahali ambapo tamthilia inazidiwa, kwa maoni yangu, ni katika uzuri wake yenyewe. Ilipigwa katika jumba la Castle Howard, Yorkshire, na watu wengi waliobaki na kumbukumbu yake hukumbuka kuba, bustani, suti nyeupe na dubu wa kuchezea wa Sebastian. Waugh mwenyewe, katika ile dibaji ya 1960, alikiri kwamba aliandika katika njaa ya wakati wa vita, ndiyo maana kitabu kikajaa ulafi wa vyakula, mvinyo na fahari iliyopita. Kamera iliuzidisha ulafi huo mara kumi.

Penye habari za Sebastian, hata hivyo, ilijizuia. Kijana huyo mrembo, aliyelemewa na ulevi, anaishia Carthage karibu na Tunis, nusu ndani na nusu nje ya monasteri, akiomba apelekwe misioni ya mbali miongoni mwa watu maskini kabisa, hata wenye ukoma. Mkuu wa nyumba hiyo ni Mholanzi aliyetumikia miaka 50 Afrika ya Kati. Msomaji wa Tabora, Karema au Rubaga hatakosa kumkumbuka Kardinali Lavigerie, Askofu Mkuu wa Carthage, aliyewatuma wamisionari wake katika nchi zetu. Tamthilia haikutupeleka huko. Ilimwacha dada yake, Cordelia, asimulie huku Charles akisikiliza, kama kitabuni. Utakatifu wa mlevi unasadikika zaidi ukisimuliwa na anayempenda.

Filamu ya sinema ya mwaka 2008 haikuwa na subira hiyo. Iligeuza habari kuwa mashindano ya mapenzi, ikamfanya mama wa nyumba mkandamizaji na imani kuwa kamba yake. Waugh alijua kwamba kamba inaweza kuonekana hivyo kwa aliyeshikwa nayo. Aliandika sura nyingi kabla ya kuonesha ni nani aliyeshika ncha ya pili.

Imebaki taa. Baada ya mama kufariki, Cordelia anaeleza jinsi padre alivyokuja katika kikanisa cha jumba, akamwaga maji ya baraka, akazima taa, akaiacha tabernakulo wazi na tupu, kana kwamba tangu siku hiyo kila siku ingekuwa Ijumaa Kuu. Miaka baadaye Charles anarudi na jeshi, anaingia, anakuta mwali mdogo mwekundu unawaka tena. Televisheni inatuonesha kikanisa kizuri, na mwanga mzuri. Kitabu kinasema kwamba taa ile ya shaba ilikuwa na umbo baya la kusikitisha. Charles ni mchoraji wa majumba, mtu aliyelitazama kila jengo kwa jicho la kuhukumu uzuri. Anaiona taa ilivyo mbaya, hasemi vinginevyo, na anapiga magoti mbele yake.