Ununuzi wa Chakula wa Taasisi na Mnyororo wa Ugavi katika Mikoa ya Shinyanga na Geita

Makala hii inafafanua namna ununuzi wa chakula unaofanywa na taasisi unavyoweza kuimarisha mnyororo wa ugavi katika mikoa ya Shinyanga na Geita. Hoja kuu ni kwamba wingi wa mahitaji pekee haumfikishi mkulima sokoni. Kinachomfikisha ni masharti ya mkataba.

Mahitaji yapo. Mgodi wa Geita huzalisha dhahabu tangu mwaka 2000. Mkoani Shinyanga upo mgodi wa Bulyanhulu, na Mwadui huchimbwa almasi. Shule za bweni, hospitali na magereza nazo huhitaji nafaka, maharage na mboga mwaka mzima. Wakulima wa mikoa hiyo huzalisha mpunga, mahindi, mtama na viazi vitamu, lakini wengi huuza mara baada ya mavuno, bei ikiwa chini.

Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini za mwaka 2018 ziliitaka migodi kutoa kipaumbele kwa bidhaa na huduma za nchini. Hata hivyo, zilipotolewa, zilimtambua mzabuni mzawa kwa vigezo vya umiliki na ajira, ikiwamo angalau asilimia 51 ya hisa kumilikiwa na Watanzania. Vigezo hivyo havionyeshi chakula kimelimwa wapi. Mzabuni anaweza kuvitimiza huku mchele na nyanya zake zikitoka mbali na mgodi.

Mkataba unaolenga kumfikia mkulima hauna budi kuzingatia mambo matatu. La kwanza ni malipo. Mlanguzi hulipa taslimu shambani, ilhali taasisi hulipa baada ya ankara kupitishwa. Mkulima mwenye ada ya shule mkononi hawezi kusubiri. Chama cha ushirika cha msingi kinaweza kuziba pengo hilo kwa malipo ya awali, kikitumia mkopo unaodhaminiwa na mazao yaliyohifadhiwa chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005.

La pili ni ubora. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Pasipo maturubai ya kuanikia na kipima unyevu ghalani, sharti hilo humwondoa mkulima mdogo kabla ya zabuni kufunguliwa.

La tatu ni vipimo. Taasisi inayonunua kwa mizani huondoa lumbesa, ambayo humpokonya mkulima kilo asizolipwa.

Tahadhari moja ni ya lazima. Kufungwa kwa mgodi wa Buzwagi, Kahama, mwaka 2021 kulidhihirisha kwamba soko la mgodi lina ukomo. Kwa hiyo ushirika uuzie taasisi kadhaa, na mikataba itaje asili ya zao pamoja na uraia wa mzabuni. Hapo ndipo ununuzi wa taasisi utakapomnufaisha mkulima wa jirani, hata baada ya dhahabu kwisha.