Hakuna Dawa ya Kutagisha

Simama kidogo kwenye duka lolote la pembejeo za mifugo, liwe la Singida mjini, Kahama au Machakos, na haitapita muda utamsikia mtu akisema: "Naomba dawa ya kutagisha." Muuzaji anageuka, anashusha pakiti ya unga wa njano, anapokea hela. Hajauliza kuku wana umri gani, wanakula nini, wanalala wapi, wala kama wamewahi kuchanjwa. Makala hii namwandikia mteja huyo.

Dawa ya kutagisha haipo. Mtetea hutaga akiwa amefikia umri, akipata mwanga wa kutosha, akiwa mzima wa afya na akiwa na malighafi ya kutengenezea yai. Pakiti ya vitamini inaweza kuziba pengo moja dogo katika malighafi hiyo. Pengo likiwa kwingine, hela yako imekwenda bure. Na pengo halionekani dukani. Linaonekana bandani, asubuhi na jioni, katika zile kazi ndogondogo ambazo wengi wetu tunawaachia watoto.

Chukua ganda la yai. Malalamiko ni yale yale: ganda laini, mayai yanapasuka kiotani, kuku wameanza kula mayai yao wenyewe. Ganda la yai la kuku wa kisasa lina takriban gramu 2 za kalsiamu, yaani madini ya chokaa. Gramu 100 za pumba za mahindi hazina hata sehemu ya kumi ya gramu moja. Sasa mtetea anayelishwa pumba tupu na bado akataga, kalsiamu hiyo ameipata wapi? Ameichota kwenye mifupa yake. Wa kienyeji akiishiwa huacha kutaga. Wa kisasa, aliyezalishwa atage karibu kila siku, huendelea hadi miguu ikamlegea, ukamkuta amelala ubavu.

Jambo ambalo wafugaji wengi hawaambiwi ni saa ya kumpa madini hayo. Yai huchukua zaidi kidogo ya siku moja kutengenezwa, na karibu saa 20 kati ya hizo linakaa kwenye sehemu ya mfuko wa uzazi inayojenga ganda. Kwa kuwa kuku wengi hutaga asubuhi, sehemu kubwa ya ganda la yai linalofuata hujengwa usiku, kuku akiwa amelala na hali kitu. Unga laini wa chokaa alioula asubuhi umeshapita tumboni. Punje ngumu za makombe ya baharini au magamba ya konokono, zikipondwa zikawa na ukubwa wa punje ya mtama, hubaki kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha. Kwa hiyo ziweke kwenye chombo cha peke yake, saa tisa au saa kumi alasiri, bila kuzichanganya na chakula. Mtetea anayetaga atazila kwa hamu. Jogoo na wasiotaga watadonoa mara mbili tatu na kuondoka. Katika hili kuku anajua haja yake kuliko sisi.

Aliye mbali na bahari au ziwa atumie maganda ya mayai, lakini ayachemshe, ayaanike na kuyaponda mpaka yasifanane tena na yai, asije akawafundisha kuku kulidonoa lililo kiotani. Chokaa ya kupaka ukutani isikaribie banda kama chakula. Ile imechomwa, inaunguza. Wala usiwape vifaranga chakula cha kuku wanaotaga kwa sababu tu ndicho kilichobaki kwenye gunia. Chakula hicho kina kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, na kifaranga anahitaji asilimia 1 hivi. Kinachozidi huishia kuharibu figo zake.

Na si kila ganda jembamba linadai chokaa. Katika joto la Dar es Salaam la Januari na Februari, kuku huhema mdomo wazi ili apoe. Kwa kuhema hivyo hupoteza hewa ya kaboni kwa wingi, na hewa hiyo ndiyo mwili unayoitumia, pamoja na kalsiamu, kujenga ganda. Hapo dawa ni kivuli, makuti au nyasi juu ya bati, na maji baridi yanayobadilishwa mchana. Chokaa hata debe zima halitasaidia.

Tuje kwenye protini. Kuku anayejitafutia chakula hayumo katika njaa ileile mwaka mzima. Masika anapata kumbikumbi, mchwa, minyoo na majani mabichi, yaani protini na vitamini tele, lakini nafaka imekwisha nyumbani, hivyo nguvu ndizo zinazompungukia. Baada ya mavuno mambo yanageuka: punje zimetapakaa uwanjani, wadudu wametoweka, majani yamekauka. Anashiba na bado hatagi vizuri. Ndiyo maana nashangaa ninapoona mfugaji akitupa mahindi Julai na Agosti, wakati kuku wake wana mahindi tayari. Masika mwongezee pumba au chenga za nafaka. Kiangazi mwongezee mashudu, dagaa na majani. Kwa kuku anayezurura mchana, nyongeza ya gramu 30 hadi 50 jioni inatosha, nayo ni kama ujazo wa kiganja kimoja cha mtu mzima kwa kila kuku.

Singida inasifika kwa kuku wa kienyeji na kwa alizeti, na vitu hivyo viwili vinakutana kwenye gunia la mashudu. Mashudu ni protini ya bei nafuu, lakini yakikamuliwa pamoja na maganda yake yanakuwa na nyuzinyuzi nyingi ambazo kuku hawezi kuzimeng'enya kama ng'ombe. Tena yamepungukiwa na laisini, mojawapo ya viungo vya protini ambavyo kuku hawezi kujitengenezea mwenyewe. Dagaa wanayo laisini hiyo kwa wingi. Kiasi kidogo cha dagaa ndani ya mashudu, kwa hiyo, kina thamani kuliko mashudu mengi yaliyo peke yake. Usivuke kilo 10 za dagaa katika kila kilo 100 za chakula, maana wakizidi yai linanuka samaki. Mashudu ya pamba nayo yana kasoro yake: yana sumu iitwayo gosipoli, na yakizidi kiini cha yai hubadilika rangi kikawa cha kijani kichafu. Soya mbichi isitumike kabisa mpaka ikaangwe au ichemshwe, kwa kuwa ina kitu kinachozuia mmeng'enyo wa protini.

Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao Wakenya wanawaita omena, mara nyingi huanikwa juu ya mchanga, na mchanga huo husafiri nao hadi sokoni. Ukinunua wale waliosagwa, chukua kijiko kimoja, kitie kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika chache. Nyama na magamba huchelewa kutulia. Mchanga huzama upesi na kufanya tabaka la kijivu chini kabisa. Tabaka likiwa nene, umenunua mchanga kwa bei ya samaki. Kisha onja. Wakiwa na chumvi kali, waache, kwa sababu chumvi ikizidi kuku huharisha maji, na vifaranga hufa. Muuzaji mwaminifu hatakuzuia kufanya jaribio hilo mbele yake.

Mahindi tunayokula Afrika Mashariki karibu yote ni meupe, na mahindi meupe hayana ile rangi ya njano ambayo mwili wa kuku huigeuza kuwa vitamini A. Kuku anayezurura hujitafutia majani na hana shida. Kuku aliyefungiwa bandani akilishwa pumba za mahindi meupe ndiye anayeumia: macho yanavimba na kujaa uchafu mweupe kama jibini, na ukimfungua mdomo unakuta vipele vyeupe kooni. Wengi hudhani ni mafua, wakakimbilia dawa. Mchicha, sukuma wiki, majani ya mlonge yaliyoanikwa kivulini, chochote cha kijani kibichi kikifungwa fungu na kuning'inizwa usawa wa kichwa cha kuku, kinazuia hali hiyo kwa gharama ndogo sana. Na kiini cha yai kitakuwa cha njano iliyokolea, jambo ambalo wateja wa mayai ya kienyeji wanalilipia. Lusina usiitumie kama mlonge. Majani yake yana mimosini, ambayo ni sumu kwa kuku, kwa hiyo yasizidi asilimia 5 ya chakula.

Vitamini za pakiti zina nafasi yake. Wape siku 3 hadi 5 baada ya safari, baada ya chanjo au baada ya ugonjwa, katika maji safi yaliyowekwa kivulini na kumwagwa jioni, kwa sababu mwanga wa jua huziharibu. Kinachoniumiza ni pakiti zinazouzwa kama vitamini za kutagisha kumbe ndani yake kuna oksitetrasaiklini, ambayo ni antibiotiki, na kuku wananyweshwa wiki hadi wiki. Mabaki yake yanaingia kwenye mayai ambayo watoto wako wanakula, na vijidudu vinazoea dawa. Zaidi ya hapo, oksitetrasaiklini hushikana na kalsiamu tumboni. Anayempa kuku antibiotiki hiyo pamoja na chokaa amevipunguzia nguvu vyote viwili. Vivyo hivyo kwa amproliamu, dawa inayotumika sana kutibu kuhara damu. Hufanya kazi kwa kuwanyima vimelea vitamini B1, kwa hiyo ukichanganya na vitamini za kundi B katika maji yaleyale, umewalisha vimelea uliotaka kuwaua kwa njaa. Soma orodha ya vilivyomo kwenye pakiti. Ikiwa hakuna orodha, irudishe.

Sasa kazi za kila siku. Ya kwanza si kulisha, ni kutazama kinyesi kabla hakijafagiliwa. Kinyesi cha kawaida ni kigumu kiasi, cha kahawia au kijivu, chenye ncha nyeupe. Katika kila vinyesi vinane au kumi hutoka kimoja chepesi, cheusi, kinachonata na kunuka vibaya. Hicho ni cha kawaida, wala usikitafutie dawa. Damu kwa vifaranga wa wiki tatu hadi sita ni dalili ya koksidia, na koksidia hupenda unyevu. Hapo shika maranda ya sakafuni mkononi, yafinye, fungua kiganja. Yakibaki donge, yana maji mengi, yatoe leo hii. Yakimomonyoka, yako sawa. Mara nyingi chanzo ni chombo cha maji kinachovuja pembeni.

Maji yenyewe hayahitaji maelezo mengi: kuku hunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na zaidi wakati wa joto, kwa hiyo kuku aliyekosa maji mchana mmoja hatagi ipasavyo hata ukimlisha dagaa. Osha chombo kila asubuhi kwa kukisugua ndani, maana ule utando unaoteleza ni makazi ya vijidudu.

Jioni, wakipanda kulala, wahesabu, kisha papasa kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo. Kiwe kimejaa. Kuku anayelala na kifuko kitupu hajala ipasavyo, na mara nyingi hiyo ndiyo dalili ya mapema kuliko zote. Tazama pia chini ya mbawa na kuzunguka macho kama kuna viroboto. Mafuta mgando yakipakwa juu yao hufa kwa kukosa hewa, na shimo la majivu na mchanga mkavu mahali penye jua litawasaidia kuku kujisafisha wenyewe.

Kuna desturi moja ambayo ningependa iishe kabisa: mahindi yakiota kuvu, tunasema wape kuku. Kuvu huyo ndiye anayeleta sumukuvu, sumu ileile iliyoua watu Ukambani nchini Kenya mwaka 2004 na katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Tanzania, mwaka 2016. Kwa kuku hushambulia ini, hupunguza mayai, hudhoofisha kinga hata chanjo ikashindwa kushika vizuri, na mabaki yake yanaweza kurudi mezani kwako kupitia ini na mayai. Kuchemsha au kuanika upya hakuiondoi. Mahindi ya namna hiyo yafukiwe.

Na baada ya yote haya, hakuna kirutubisho kinachozuia mdondo. Shubiri, mwarobaini, pilipili na kitunguu saumu havijawahi kumponya kuku mwenye mdondo, walionusurika wangenusurika hata bila hivyo. Kinga ni chanjo. Ile ya I-2 inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, inatolewa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na chupa moja hutosha kuku wengi kuliko walioko katika boma moja. Ndugu mfugaji, zungumza na majirani zako wiki hii, changeni hela ya chupa hiyo, mwiteni afisa mifugo wa kata, na kuku wote wa mtaa wachanjwe siku moja.