Idi, Bamvua na Kidau cha Ndara

Ukitaka kujua kama Idi Ndogo ijayo itakuwa na maji ya kuogelea, huna haja ya kuiuliza simu. Yatakuwapo. Yalikuwapo mwaka jana, na yalikuwapo zamani babu zenu walipokuwa watoto wa kanzu mpya. Sogeeni niwaeleze kwa nini, wanangu, maana mtoto wa Kililana, hapa pwani ya Lamu, akilijua jambo hili ataweza kupanga sikukuu yake nzima, tangu asubuhi hadi usiku, bila kukodolea macho kioo chochote.

Idi Ndogo huja mwezi unapoandama. Ule mwezi mwembamba unaotafutwa magharibi, jua likishazama, uko karibu na jua angani. Vyote viwili huivuta bahari, na vikivuta kwa pamoja, maji hujaa sana na kutoka sana. Wavuvi huyaita maji hayo bamvua. Nguvu yake hasa huja siku moja au mbili baada ya mwezi kufichamana na jua, na siku hizo ndizo watu wanazopanda juu ya dari kuutafuta mwezi, wakauona, takbiri zikaanza. Kwa hiyo kila Idi Ndogo ni Idi ya bamvua. Na hapa pwani kwetu bamvua ina saa zake: kabla ya adhuhuri maji yametoka, matope ya mikokoni yako wazi na kaa wanatembea; alasiri maji yanarudi, na kuelekea magharibi yamejaa.

Tazameni sasa jinsi siku inavyojipanga yenyewe. Asubuhi mnaoga, mnavaa, mnaswali, mnakula mahamri na viazi karai, kisha mnazunguka nyumba kwa nyumba kupokea mkono wa Idi. Mkimaliza kuwasalimia shangazi na majirani wote, bahari nayo imekwisha kuja.

Idi Kubwa ni tofauti. Yenyewe huwa siku ya kumi ya mwezi wa Mfunguo Tatu. Siku chache kabla yake mwezi huwa nusu, jua linavuta upande wake na mwezi upande wake, kwa hiyo maji hayajai sana wala hayatoki sana. Ni maji mafu, au karibu nayo. Mashindano ya baharini siku hiyo hayana utamu. Lakini Idi Kubwa imepewa kitu kingine: usiku wake una mwezi mkubwa, unaokaa angani hadi baada ya saa sita. Basi mchana ni wa nyama na wageni, na usiku ni wa uwanjani. Kati, kuruka kamba, kujificha na kutafutana, mdako kwa vijiwe kumi na viwili. Hakuna taa inayohitajika. Idi Ndogo usiku wake ni giza tupu, na giza ndilo hasa la hadithi na vitendawili. Ndiyo maana napenda kuitengea hadithi Idi Ndogo na michezo ya mbio Idi Kubwa.

Turudi alasiri ya bamvua, kwa sababu hapo pana kazi ninayoipenda kuliko zote: kuunda vidau vya mashindano.

Mnazijua ndara kuukuu zinazoletwa na mawimbi, rangi zote, mguu wa kushoto bila wa kulia. Hapo Amu, yaani mji wa Lamu, mafundi walizikusanya, wakazisafisha, wakazipanga ubavuni mwa jahazi zima lililotengenezwa kwa taka za plastiki. Jahazi hilo linaitwa Flipflopi. Fundi wake mkuu ni Ali Skanda, lilishushwa majini mwezi wa Septemba 2018, lina urefu wa mita tisa hivi, na limevikwa ndara zipatazo 30,000. Mwanzoni mwa 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, karibu kilomita 500, kwa tanga. Kama ndara zilifika Zanzibar, ndara moja yako itavuka kijito.

Okota ndara moja nene. Ichonge mbele iwe na ncha, omo ya kukata maji. Katikati toboa tundu, usimamishe mlingoti wa chelewa za ukuti, mbili au tatu zilizofungwa pamoja, kwa sababu moja hupinda. Juu yake funga foromali, kijiti cha kuning'inizia tanga. Tanga lenyewe likate kwa leso kuukuu. Zamani watoto walitumia mifuko ya plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na leso hushika upepo vizuri zaidi ikilowa kidogo. Sasa weka farumi: msumari wenye kutu au kijiwe kirefu kilichofungwa chini. Hapa ndipo wengi hukosea. Kidau kisicho na farumi hupinduka upepo wa kwanza tu, na mwenye nacho hulia siku ya sikukuu. Kijaribu kwanza ndani ya karai. Kikilala ubavu, ongeza uzito. Kikizama puani, rudisha uzito nyuma.

Ukikaa chini kutengeneza kidau, unahitaji kisu cha mtu mwingine, kamba ya mtu mwingine, na mkubwa wa kukuonyesha tanga hukatwaje. Mnapofika ufukoni mmekwisha kuwa kundi. Sijaona filamu inayowaweka watoto pamoja namna hiyo. Filamu huwaketisha bega kwa bega, kila mmoja akiwa peke yake.

Lakini nisikilizeni vizuri: hamwendi majini bila mtu mzima, na hamwendi kwenye gati za bandari. Bandari ya Lamu imejengwa hapa hapa Kililana. Ujenzi ulizinduliwa tarehe 2 Machi 2012, na gati tatu za kwanza pamoja zina urefu wa mita 1,200. Kina chake kimechimbwa ili meli kubwa zipite, na kina hicho si cha mtoto. Chagueni kijito ambacho wavuvi wenyewe wamewaambia ni salama, tena maji yakiwa yanaingia. Maji yakianza kutoka huvuta kila kitu kwenda nje, kidau na anayekikimbilia.

Wenzenu wa vijiji jirani vya Hindi na Magogoni, wengine husherehekea Krismasi, na Krismasi haifuati mwezi. Yaweza kuangukia bamvua au maji mafu, giza au mbalamwezi. Lakini inao upepo wake. Desemba ni kaskazi: upepo mkavu, maembe yameiva, shule zimefungwa. Ni wakati wa kurusha vishada, na wa magari ya waya yenye magurudumu ya vifuniko vya chupa. Mwenye Idi amwalike mwenye Krismasi, na mwenye Krismasi amwalike mwenye Idi; hivyo mwaka mmoja unakuwa na sikukuu tatu kwa kila mtoto.

Wazee wa mashamba walikuwa na sherehe nyingine ambayo ningetamani mngeiona usiku mzima: vave, nyimbo za wakulima wa Kibajuni, zinazoimbwa usiku wa kuamkia siku ya kuchoma kichaka kilichofyekwa. Waliimba hadi alfajiri, mmoja akitoa, wengine wakipokea. Na wakulima hao walijua siku bila kalenda ya ukutani. Walihesabu kuanzia Siku ya Mwaka, kumi kumi, kila kumi ikiitwa mwongo: miongo 36 na siku tano za kubaki, jumla siku 365. Manahodha nao walihesabu vivyo hivyo, ili wajue pepo zinageuka lini.

Wakubwa mnaowasomea watoto haya, nina neno nanyi. Simu ya sherehe iwe moja, ya kumpigia nyanya aliye Mombasa au mjomba aliye Maskati, kumtakia Idi na kumsikilizisha kelele za watoto. Kisha iingie kapuni pamoja na zenu, zenu zikitangulia. Mtoto anayemwona baba yake akirekodi mashindano badala ya kumsaidia kufunga tanga amekwisha kufundishwa.

Na siku ya kuzaliwa? Wengi wenu mlifanyiwa sherehe ya kwanza mkiwa na siku saba. Mlinyolewa, mkachinjiwa akika, na kwa uzito wa nywele zenu ikatolewa sadaka ya fedha. Kelele zote zilikuwa kwa ajili yenu na ninyi mlilala usingizi. Siku hizi watu huadhimisha pia tarehe ya kila mwaka, na kwangu ni jambo zuri, ila hapo kuna hesabu tamu ambayo mtoto wa Kililana anaweza kuifanya na wa mijini hajapata kuijua.

Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355. Ule wa kalenda ya shule una 365 au 366. Kwa hiyo Idi husogea nyuma siku 10 hadi 12 kila mwaka. Idi Ndogo ya 2021 ilikuwa katikati ya Mei. Ya 2025 ilikuwa mwishoni mwa Machi. Mtoto aliyezaliwa siku ya Idi ile ya 2021 ana siku mbili za kuzaliwa, moja inafuata tarehe na nyingine inafuata Idi, na hizo mbili zinazidi kuachana. Zitakutana tena akiwa na miaka kama 33. Na siku hiyohiyo kwa hesabu ya mwezi atakuwa na miaka kama 34! Tafuteni kila mmoja wenu alizaliwa mwezi gani wa Kiislamu na siku ya ngapi ya mwezi, mtajua alizaliwa maji yakiwa bamvua au mafu, usiku ukiwa na mwezi au giza. Hiyo ndiyo zawadi ya kumwandikia mwenzako kwenye karatasi, pamoja na kashata za simsim ya shambani.

Halafu chezeni hesabu ya wazee. Wazee wengi hawakuandikiwa tarehe. Waliwekewa alama ya tukio. Mmoja hukaa katikati na kusema alizaliwa wakati wa jambo gani, na watoto wanatafuta mwaka na umri wake, wa kwanza kupata ndiye anayekata keki au mkate wa sinia. Mvua za El Niño zilizoleta mafuriko nchini: mwishoni mwa 1997. Bendera ya Kenya kupandishwa: 12 Desemba 1963. Mji wa Amu kuingizwa katika Urithi wa Dunia: 2001. Ninyi wadogo nanyi mna alama yenu. Meli ya kwanza ilifunga gatini hapa Kililana tarehe 20 Mei 2021, wiki moja hivi baada ya Idi. Yule mtoto wa Idi niliyemtaja alikuwa ndiyo kwanza anafanyiwa akika. Huenda yupo kijijini kwenu na hajui. Waulizeni akina mama, maana wao wanakumbuka nani alijifungua wiki ya meli.