Injini Inapogonga, Sikiliza Kabla ya Kushika Spana

Mwaka 1973, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda Safari Rally akiendesha Datsun 240Z. Alifungana kwa pointi na Harry Källström wa Sweden, akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Miaka miwili nyuma, Edgar Herrmann alikuwa ameshinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Kwa wapenzi wa magari ya zamani Afrika Mashariki, hilo ndilo gari la michezo lenye heshima kuliko mengine, na injini yake inafaa sana kufundishia sikio.

Injini hiyo huitwa L24. Ina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na kamshafti moja juu ya silindahedi, inayozungushwa kwa cheni. Ndugu yake mwenye silinda 4 alikuwa ndani ya Datsun 1600, kwa hiyo fundi aliyezoea gari lile hapotei akifungua boneti ya 240Z.

Tatizo ni haraka ya kufungua. Mwenye gari anafika gereji, tuseme Ngamiani hapa Tanga, anasema injini inagonga, na kabla hajamaliza maelezo spana iko kwenye bolti. Huku Tanga chumvi ya bahari imeshakula bolti za manifodi. Ukizilazimisha zinakatika, gasketi inachanika, na kipuri cha gari la miaka 50 hakiko dukani. Gari lililokuja na mlio mmoja linaondoka na matatizo matatu. Kusikiliza hakuna gharama, na kuna sayansi kamili nyuma yake.

Anza na kuhesabu. Acha injini ingurume taratibu bila kukanyaga mafuta, tuseme mizunguko 750 kwa dakika. Kranki inazunguka mara 12.5 kwa sekunde. Kamshafti, kwa kuwa huenda nusu ya mwendo wa kranki, inazunguka mara 6.25. Mlio wa valvu moja iliyolegea utakuja mara 6 hivi kwa sekunde; beringi ya konrodi iliyokwisha mara nyingi hugonga kwa mwendo wa kranki, mara mbili ya hapo. Sikio la binadamu hutenganisha milio ya kugonga mpaka inapokaribia 20 kwa sekunde, kisha inaungana na kuwa mvumo. Kwa hiyo anayekanyaga mafuta ili "asikie vizuri" anajiziba masikio mwenyewe: kwenye mizunguko 3,000 konrodi hugonga mara 50 kwa sekunde.

Ukishindwa kuhesabu, chukua taa ya taiming, uifunge kwenye waya wa plagi ya kwanza. Plagi huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki, sawasawa na mzunguko mmoja wa kamshafti. Mlio ukienda pamoja na mwako wa taa, tafuta juu, kwenye valvu. Ukisikika mara mbili kwa kila mwako, tafuta chini.

Halafu tafuta mahali. Fundi mzee huchukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha yake kwenye chuma cha injini na kukandamiza mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Sauti husafiri ndani ya chuma cha pua karibu mita 5,000 kwa sekunde, na hewani mita 340 tu. Muhimu zaidi, ikitoka kwenye chuma kwenda hewani karibu yote hurudi ndani; bisibisi huipa njia ya kupita moja kwa moja hadi kwenye mfupa. Daktari Mfaransa René Laennec alifuata wazo linalofanana na hilo mwaka 1816 alipotengeneza kifaa cha kwanza cha kusikilizia kifua cha mgonjwa. Sogeza ncha kidogo kidogo, lakini nywele, nguo na mikono vikae mbali na feni na belti.

Kisha zima silinda moja moja. Shika kofia ya plagi kwa koleo lenye mpini wa mpira, na uunganishe waya na bodi ili umeme upate pa kwenda. Mlio wa kugonga ukipungua ghafla, konrodi au pistoni ya silinda hiyo ndiyo mshukiwa, kwa sababu umeiondolea mlipuko uliokuwa ukiisukuma.

Joto nalo ni shahidi. Pistoni ya alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku, hivyo pistoni iliyolegea hupiga asubuhi na kunyamaza injini ikipata moto. Gasketi ya manifodi inayovuja hudanganya kwa namna hiyo hiyo: inatoa tiki-tiki kama valvu, kisha chuma kinapanuka na kuziba ufa.

Kuna mlio usiosikika kabisa gereji. Toka Mombo, panda kuelekea Soni na Lushoto kwa gia kubwa huku umekanyaga mafuta, utasikia mlio kama sarafu zinazotikiswa kwenye mkebe. Hapo hakuna chuma kilicholegea. Petroli iliyobaki silindani imejilipua kabla moto wa plagi haujaifikia, na wimbi la shinikizo linadunda kutoka ukuta hadi ukuta. Katika silinda ya L24 yenye kipenyo cha milimita 83, linadunda kati ya mara 6,000 na 7,000 kwa sekunde. Shusha gia, punguza mafuta, kisha kagua taiming na aina ya petroli. Ukiendelea kulazimisha, pistoni itatoboka.

Ukimya pia uangaliwe. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Katika injini za zamani zenye vikalio laini vya valvu, risasi ilikuwa kinga. Bila hiyo, valvu hujichimbia polepole na nafasi yake inapungua. Tapeti iliyokuwa ikilia inanyamaza, mwenye gari anafurahi, kumbe valvu haifungi tena na inaungua. Kwenye L24 nafasi hiyo, injini ikiwa ya moto, ni milimita 0.25 kwa valvu ya kuingiza na 0.30 kwa ya kutoa. Pima kwa filagaji hata kama husikii kitu.

Ila ukisikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini huku taa ya oili ikiwaka, usihesabu wala usitafute bisibisi. Zima injini hapo hapo ulipo. Kuvutwa kutoka Muheza hadi Tanga mjini ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kranki ya 240Z.