Motokaa ya Mtumba Haichaguliwi kwa Rangi

Ukipita soko la Toi, pembeni mwa Kibera, utaona jambo ambalo mimi nimeliona mara nyingi na kila mara hunichekesha. Mama mmoja hulishika koti la mtumba la shilingi mia tatu, akaligeuza ndani nje, akaivuta mishono, akavijaribu vifungo kimoja kimoja, kisha akamwambia mwuzaji, "Hili lina tundu, punguza." Ametumia robo saa kwa ajili ya shilingi mia tatu. Hapo karibu, kwenye barabara ya Ngong, ambako magari ya mtumba yamepangwa safu safu yakimeremeta juani, utamwona bwana aliyevaa tai akitoa zaidi ya milioni moja kwa gari alilolizunguka mara mbili tu, akapiga teke gurudumu, akasema, "Rangi yake nzuri!"

Mimi nilikuwa karibu kuwa kama bwana huyo, lau si fundi mmoja wa Kawangware.

Habari yenyewe ilianza kwa dada yangu wa Takaungu. Alipata sehemu yake ya urithi wa shamba la minazi, akaiuza, na fedha akamtumia mwanawe ambaye ni mwalimu Nairobi, ili azichanganye na akiba yake anunue gari. Dada ana maradhi ya magoti. Matatu za kuinama na kubanana haziwezi tena, wala gari la chini kwake halifai, kwani akikaa hunyanyuliwa na watu wawili. Alitaka gari la juu, hayo ambayo vijana huyaita SUV, limchukue kliniki Mombasa na kumrudisha kwa njia yetu ya vumbi na mashimo. Akanipigia simu: "Kaka, nenda Nairobi ukamsimamie mwanao. Fedha hizi ni za marehemu baba. Zikipotea hazina pacha."

Amana hiyo, msomaji mpenzi, ilinikosesha usingizi.

MAKINA HADI KAWANGWARE

Mpwa wangu anakaa Makina, mtaa wa Wanubi ndani ya Kibera. Wengi wetu wa pwani tukisikia Kibera hufikiria mabati na matope peke yake, tukasahau kwamba mji ule uliasisiwa na Waislamu, askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles waliopewa kukaa pale mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lenyewe ni la Kinubi, lenye maana ya msitu. Tulisali adhuhuri katika msikiti wa Makina, kisha kijana akanionyesha kwenye simu yake gari alilokwisha kulipenda. Lilikuwa jeusi, la Ulaya, viti vya ngozi, na bei yake ilikuwa chini ya Toyota ya umri ule ule.

"Mjomba, huoni bahati hii?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Mwanangu, kitu kizuri kikiuzwa rahisi, kwanza muulize aliyekuwa nacho kwa nini amekichoka."

Tukashika njia ya barabara ya Ngong hadi Dagoretti Corner, tukakunja barabara ya Naivasha, tukafika Kawangware. Huko kuna fundi ambaye walimu wenzake wanamwamini. Karakana yake ni kiwanja cheusi kwa mafuta yaliyomwagika, mabati manne juu, na magari sita yamefunuliwa vifua. Fundi mwenyewe tulimkuta amelala chini ya gari, miguu tu ikionekana. Wazee wetu walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami sikuwahi kuiona methali hiyo ikitembea kama siku ile.

Alitoka, akapangusa mikono, akatazama picha ya gari jeusi. Hakulitukana. Alisema, "Mzee, hili ni gari zuri sana kwa mtu mwenye gari lingine." Tukacheka. Kisha akatuambia kwamba kabla ya kuuliza bei, mtu aulize mambo matatu. Je, spea zake ziko Grogan, pale Barabara ya Kirinyaga, au huagizwa ng'ambo? Je, fundi wa kawaida wa mji wako atalifungua akaweza kulifunga? Na je, siku utakapotaka kuliuza, nani atalitaka?

Swali la pili lilinichoma. Kawangware mafundi wapo, lakini gari hili litakaa Takaungu. Likikwama kwa kidude cha umeme kinachohitaji mashine ya kulisomea, nani atalisoma?

MAGARI NA TABIA ZAO

Tulikaa juu ya matairi ya zamani, akatusomesha kama maalim chuoni. Nayaandika machache kwa faida ya wasomaji.

Toyota RAV4, alisema, utanunua ghali kuliko wenzake, lakini spea zake zimejaa, za asili na za kuiga, na siku ya kuuza fedha zako nyingi hurudi. Prado ni mfalme wa kuuzika, lakini ni mfalme mwenye gharama. Zile za dizeli pua zake za kurushia mafuta zikiharibika, bei ya kuzibadilisha itakuliza machozi.

Nissan X-Trail ni pana na bei yake ni ya chini. Zile za mwanzo, za kabla ya 2007, zina gia otomatiki za kawaida. Zilizofuata nyingi zina gia ya namna ya CVT, inayokwenda kwa mkanda wa chuma badala ya meno ya gia, nayo ina mafuta yake maalumu. "Si gari baya," akasema, "lakini mtu hununua, akaenda kwa fundi asiyejua, akatiliwa mafuta ya gia yoyote. Mkanda ukaanza kuteleza. Kisha husema Nissan ni mbovu."

Subaru Forester ina nguvu na hushika njia vizuri wakati wa mvua, lakini injini yake imelala ubavu, na hata kubadilisha plagi ni kazi ya kupenyeza mikono. Za zamani zina mkanda wa injini ambao ufikapo kilomita 100,000 hauna budi kubadilishwa, na usipouuliza umebadilishwa lini, utaujua siku utakapokatika. Mazda CX-5, iliyotoka 2012, inapendwa sana siku hizi, ila ya dizeli ina chujio la masizi ambalo hutaka mwendo mrefu ili lijichome lijisafishe. Gari la kwenda sokoni na kurudi katika foleni za mjini huliziba.

Na kwa nini vitu hivi ni ghali hivyo, hali ni mitumba? Sisi wa Mombasa twaona kwa macho yetu meli zikishusha magari bandarini. Sheria ya Kenya haikubali gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu kuandikishwa kwao mara ya kwanza, wala lenye usukani wa kushoto. Likishuka hutozwa ushuru wa forodha, ambao tangu 2023 ni 35 kwa mia, kisha ushuru wa bidhaa wa 25 kwa mia kwa injini nyingi zinazozidi 1500 cc, kisha VAT ya 16 kwa mia, na kila mmoja hupanda juu ya mgongo wa mwenziwe. Ndiyo sababu gari lililokwisha kutumiwa hapa hapa nchini na mtu mwangalifu huenda likawa na nafuu kuliko lililoshuka jana, maana ushuru wake umekwisha kuliwa na aliyetangulia.

KIPIMO KILICHOPUNJWA

Siku ya pili tukaenda na fundi kwenye uwanja mmoja wa magari, jina nalihifadhi. Palikuwa na RAV4 nyeupe, safi kama yai. Mita yake ilisoma kilomita 62,000. Mpwa wangu akanitazama kwa macho ya furaha. Fundi hakusema neno. Aligusa usukani, ulikuwa umelainika ukang'aa kama tasbihi ya mzee. Akatazama mpira wa pedali ya breki, umelika upande mmoja hadi chuma. Kisha akafungua mlango wa dereva, akainama, akatuonyesha kibandiko kidogo cha Kijapani kilichosahauliwa kwenye ubavu wa mlango, ambacho mafundi wa kule hubandika wabadilishapo mafuta. Herufi zake hatukuzijua, lakini tarakimu ni tarakimu. Iliandikwa 118,000.

Tukamwomba mwuzaji karatasi ya mnada wa Japani, ambayo huonyesha kilomita na daraja la gari, na hutiwa herufi R ikiwa gari liligongwa likatengenezwa. Akasema imepotea.

Wakati ule nilikumbuka chuo chetu cha utotoni, tukiyumba mbele ya maalim na kusoma Suratul Mutaffifin katika Juzuu Amma. Sura ile inawaonya wanaopunja vipimo, wanaotaka kutimiziwa wapimiwapo na kupunguza wawapimiapo wengine. Utotoni nilidhani ni habari ya pishi na mizani za dukani. Sikujua kwamba mita ya gari nayo ni kipimo, na anayeirudisha nyuma ameiba barabara alizokwisha kuzipita mwingine.

Bwana yule alipoona tunaondoka alituongezea utamu. Tutoe nusu, nusu nyingine tulipe kwa miezi 36 na riba. Nikamwambia ahsante. Kwa Mwislamu asiye na fedha taslimu upo mlango wa murabaha. Benki hulinunua gari, likawa lake, kisha hukuuzia kwa faida mliyotajiana wazi tangu mwanzo. Gulf African Bank ilianza kazi hiyo hapa Kenya 2008, na mwaka ule ule ikaanza First Community Bank, ambayo siku hizi huitwa Premier Bank.

Baada ya majuma matatu tulilipata letu. Ni RAV4 ya rangi ya fedha, ya petroli, mali ya mstaafu mmoja aliyeweka risiti zake zote ndani ya bahasha. Fundi alikwenda alfajiri ili injini aikute baridi, kwani injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi. Alitazama moshi. Wa buluu ni injini inakula mafuta yake, mweusi ni petroli inapotea, na mweupe usiokwisha ni maji yanaingia pasipo mahali pake. Tukalinganisha namba ya chesisi na hati, na mpwa wangu akahakikisha kwa NTSA kwamba jina lililoandikwa ni la mwuzaji. Gari lina mikwaruzo miwili, na kiti cha nyuma kimechanika. Tulilipa shilingi milioni moja na laki nne.

ZAMU YANGU

Hapa ningeweza kuweka kalamu chini, nikaonekana mtu mwema. Lakini iko habari ya pili.

Mimi nilipanda Nairobi na gari langu la zamani, Suzuki Escudo, nikitumaini kuliuza. Mwalimu mwenzake mpwa wangu alikwisha kulipenda, na tulikubaliana bei. Nilimpa fundi alitazame tu, alisafishe. Akafungua kifuniko cha mafuta ya injini, akanionyesha kwa chini yake ute mweupe kama maziwa ya ukoko. "Mzee, gasketi ya kichwa imeanza kupitisha maji." Kisha, kwa sauti ya chini, kwa nia ya kunisaidia, akasema, "Nikilisafisha na kulitilia mafuta mapya, miezi miwili halitasema kitu."

Wallahi sikumjibu mara moja. Nilihesabu. Nilijiambia kwamba mtumba ni mtumba, na mnunuzi ana macho yake. Maneno yale yale ambayo bila shaka yule bwana wa mita hujiambia kila asubuhi.

Iko hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni Madina akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, juu kavu, ndani mbichi. Mwenyewe akasema ilinyeshewa. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile mbichi juu watu waione, kisha akamkana mwenye kughushi. Na fikihi yetu ya Kishafi humpa mnunuzi haki ya kurudisha kitu akikuta aibu iliyofichwa. Haya nimeyasoma tangu sina ndevu. Kuyasoma, nilikwisha. Yaliyobaki ni laki moja kasoro kidogo.

Nilimwita yule mwalimu, nikamfunulia kifuniko akaona kwa macho yake. Alinishukuru, akaondoka, na kwa siku tano sikumsikia. Nilijuta kidogo, sitaficha. Siku ya sita akaja na fundi wake, wakapunguza shilingi 80,000, nikakubali. Nikarudi Mombasa kwa gari moshi nikiwa na fedha pungufu.

Dada sasa hupanda gari lake mwenyewe bila kushikwa. Kila nikimwona hunisimulia kiti kilichochanika, nami humwambia kile tulikiona kabla ya kulipa. Na kwa desturi ya ukurasa huu, naaga kwa ubeti:

Mwenye kununua gari, asinunue kwa rangi,
Atafute na habari, za maradhi yake mengi,
Na mwuuzaji akiri, kasoro japo si nyingi,
Chumo la haki ni heri, hata likiwa kidogo.