Kula Hotelini na Mtoto Asiyetulia

Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu akiketishwa kwenye meza ya hoteli, kinachomshinda mara nyingi si kula bali ni kusubiri. Ameshajua kutembea, na mwili wake wote unataka kutembea. Sehemu za ubongo zinazomwezesha mtu kujizuia na kungoja ndiyo kwanza zinaanza kukomaa, na huendelea hivyo hadi mtu apite miaka 20. Kwa hiyo anaporusha kijiko, akasimama juu ya kiti au akaingia chini ya meza, huo si utovu wa adabu wala malezi mabaya, hata kama watu wa meza ya jirani wanamtupia mama yake jicho la lawama.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa umri huu asibanwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa moja mfululizo, iwe kwenye kiti kirefu cha mtoto au mgongoni mwa mlezi. Kipimo hicho chatosha kupangia mtoko mzima. Nyama choma ndiyo inayokivuka kwa urahisi: mteja huchagua nyama, ikapimwa, ikapelekwa motoni, na saa nzima yaweza kupita kabla haijafika mezani. Dawa yake ni kupiga simu mapema ili nyama ianze kuchomwa kabla familia haijatoka nyumbani. Ikishindikana, kitangulie chakula cha haraka, kama supu na chapati au ndizi, mtoto ale chake huku wakubwa wakingoja. Kwa mama lishe mambo ni mepesi zaidi: wali, maharage na mchuzi viko tayari kwenye masufuria, ni kupakua tu. Anayedhani mtoto anahitaji hoteli ya bei kubwa ili ale kwa amani anakosea.

Saa ya kwenda nayo ina uzito. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili huhitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, ukiwemo wa mchana, na mlo wa saa nane mara nyingi huangukia kwenye usingizi huo. Afadhali kwenda akishaamka, au mapema jioni kabla watu hawajajaa.

Meza nzuri ni ya pembeni au ya bustanini, mbali na jiko la mkaa na njia wanayopita wahudumu na chai ya moto. Kitambaa cha meza kikivutwa, kikombe humwagikia mtoto, na ngozi yake ni nyembamba, huungua upesi kuliko ya mtu mzima. Ni vizuri wakubwa wapeane zamu ya kumtembeza, baba akiwemo. Mzigo huu usiachiwe mama peke yake hadi chakula chake kipoe. Simu humnyamazisha mtoto, lakini mwongozo uleule haupendekezi skrini kabla ya kutimiza miaka 2. Kijiko, kikombe kitupu na mazungumzo ya wazazi humtosha kwa muda, hasa akipewa kimoja baada ya kingine.

Hatari kubwa kuliko kelele ni kupaliwa. Karanga, bisi, zabibu nzima, vipande vikubwa vya nyama na soseji iliyokatwa mviringo huweza kuziba koo. Soseji na zabibu zikatwe kwa urefu, vipande vyembamba. Samaki atolewe miiba yote. Na mtoto asile huku akikimbia. Aliyezidi mwaka mmoja akipaliwa, akawa hawezi kukohoa wala kulia, huinamishwa mbele na kupigwa kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Kitu kisipotoka, hukumbatiwa kwa nyuma na kubanwa tumbo kwa nguvu, kwa kuvuta ndani na juu, mara 5, kisha hatua hizo mbili hurudiwa huku msaada ukiitwa.

Wenye hoteli nao wana sehemu yao. Kiti kirefu chenye mkanda, bembea kivulini na mhudumu anayeleta sahani ya mtoto kwanza havihitaji mtaji mkubwa. Waviweke, na familia zitarudi.